Ukurasa wa Arobaini na Moja

Wewe utakayerithi meza hii ya Kawanda,
usirukie mbele kutafuta jedwali la mwisho.
Soma hapa:
miche mia mbili na kumi na miwili ya matoke,
iliyotoka chupani ikiwa hai, ikafa shambani
yote, kabla mvua za Novemba hazijakatika.

Msimamizi alisema, "Kyomuhangi,
hii usiitie kwenye tasnifu."
Nikaitia.
Sifuri niliiandika kwa wino, si kwa penseli.

Opolot wa bustani ndiye aliyeng'oa mashina.
Alipasua moja kwa panga, akalinusa,
akaniuliza miche ilinyweshwa saa ngapi.
Sikujua.
Miezi minane, na sikujua;
maji yalikuwa kazi ya mtu mwingine.

Basi nimechora safu mpya pembeni: Saa ya Maji.
Huenda si hiyo.
Huenda ni udongo, au mikono yangu,
au kisu nilichosahau kukipitisha motoni.

Chini nimekuachia mistari mitupu.
Ukishindwa, andika tarehe,
na hali ya hewa,
na ulikuwa na haraka ya kwenda wapi.

Kalamu imo kwenye droo.
Inavuja kidogo.