Nondo Juu ya Nondo

Kazi yangu kusuka nondo: milimita kumi na mbili,
kumi na sita kwa nguzo, na waya wa kufungia.
Vidole vina kutu hata Jumapili;
nikitoa sadaka, mzee wa kanisa huvitazama.

Tulikuwa tunajenga upande wa Rau,
pale majaruba ya mpunga yanapogusa msitu.
Alfajiri, kabla ya zege,
nikamkuta nondo juu ya nondo.

Mpana kama kiganja changu kikifunguka.
Rangi ya tofali lililoungua kupita kiasi,
utepe wa chaki ukikata bawa,
na bawa la nyuma, jicho la chungwa kila upande,
macho yasiyoona, yaliyowekwa kutishia ndege.
Kifuani manyoya, kama mwana-mbuzi
aliyezaliwa usiku wa baridi.

Nikanyoosha kidole.
“Mwache,” akasema Aikaeli, mlinzi wa msitu,
mwenye panga butu na filimbi.
“Unga wa bawa hilo hauuzwi dukani.”

Akanionyesha msinduzi ulionyolewa hadi vijiti.
Ndugu zake hao, enzi za ukiwavi:
weusi, miiba myeupe mgongoni.
Kwanza msinduzi. Ukiisha, mfuruanje.
Na mwaka ule wa mvua nyingi walivuka mfereji
wakaupanda mparachichi wa Mama Ndeshi,
wakala usiku kucha; yeye kitandani akadhani ni manyunyu,
kumbe ni choo chao kikidondoka juu ya majani makavu.

Hula kwa pupa, kisha huwa pupa,
chini ya udongo, bila shuka, miezi.
Halafu hutoka na mabawa yote hayo
na hana mdomo.

Nilidhani ananitania. Nikainama.
Kweli, pa kulia hapana,
wala pa kulilia.
Siku zake tano, sita,
anaziishi kwa majani aliyoyala
alipokuwa mtu mwingine.

Nyapara Msami akapiga kelele, zege linaganda!
Nikafunga nguzo tatu, ya nne nikaizunguka.
Akaanza kutetemeka, mabawa yote,
kama pikipiki inayogoma asubuhi,
akanyanyuka, akaingia kwenye kiza cha miti.
Kwenye chuma ukabaki unga kidogo.
Tukaumwagia zege.

Siku hizi, pale Njoro, muuza vifaa akiniuliza,
“Fundi, nondo ngapi?”
huwa nachelewa kidogo kujibu.