Nililishwa Wete

Niliteremka Wete na begi moja na jeuri mbili:
bingwa wa Unguja miaka minne mfululizo,
na karani wa bandari ya Malindi, mtu wa kuhesabu.
Gunia likipungua kilo, najua kabla ya mizani.

Wakanipanga na Mize Shaame,
mchoma mikate ya mofa wa Mtemani,
unga bado umemganda kwenye kucha.
Kumi la pili la Ramadhani, baada ya tarawehe,
ukumbi wa skuli, feni moja inayolia,
watu wamekaa mpaka madirishani.
"Karibu mgeni," akasema, akabonyeza saa.

Hatua ya nne akanipa kitunda.
Nikala. Nani hukataa tende ya mlangoni?
Hatua ya tisa, farasi:
akamtupa katikati ya kuta zangu
kama mtu atupaye ufunguo ndani ya nyumba ya jirani.
Nikamtazama usoni. Kakosea?
Alikuwa anatafuna ncha ya ushungi.
Nikala.

Kichwani daftari limefunguka,
tarakimu zimejipanga kama watoto wa chuoni.
Safu ya vilivyoingia ninayo.
Safu ya mlango uliobaki wazi sina,
wala ya upepo,
wala ya shaha wangu aliyetolewa barazani
na nguo za kulalia.

"Kashiba huyo?" akanong'ona mtu dirishani.
"Bado," akajibiwa. "Bado nyama."

Ngome, basi! Nyumba nzima ya mawe,
akaiegesha mbele ya malkia wangu
kama sahani iliyofunikwa kawa.
Dakika kumi na saba nilitafuta sumu.
Nilinusa pembe zote nne za ubao.
Na saa nayo inakula,
tunakula wawili.
Nikainua kawa.

Jamani, ipo njaa inayokuja baada ya shibe.
Jeshi langu lote limejazana pembeni,
limevimbiwa, linatazama ukuta.
Yeye kabakiwa na watatu uwanjani,
wembamba kama wafungaji,
na wote watatu wanamtazama mtu mmoja.

Kisha malkia.
Hakumweka kwa kishindo. Alimsogeza kwa kidole,
vile unavyomsogezea mgonjwa kikombe cha uji.
Hata ile feni, naapa, ilishika pumzi.
Nilijua. Yeye alijua kwamba nimejua,
na kwa dakika ile hapakuwa na mtu duniani
aliyenikaribia kuliko mwanamke yule
nisiyemjua hata mtaa wa mamake.

Ningeweza kumlaza shaha, nitoe mkono, nikalale.
Wenye heshima hufanya hivyo.
Lakini, na mwezi ule hausemwi uongo,
nilitaka kuuona mkate ukitoka tanurini.
Nikamla malkia.

Askofu wake (sisi Malindi twamwita ndovu)
akapita mshazari. Kishi.
Shaha akasogea hatua yake moja ya kizee.
Farasi wa pili, niliyemdhani hoi,
akaruka.
Mati.

Hakuna aliyepiga makofi mwanzo.
Kisha walipiga, na mimi nikapiga,
mikono yangu ikinishangaza.
Nje ngoma ya daku ilikuwa inapita:
amkeni mle, amkeni mle.
Sikuweza hata maji.

Asubuhi alinifuata gatini na mofa mbili ndani ya gazeti.
"Za futari," akasema. Basi.
Juu ya boti nilipiga hesabu upya:
malkia, ngome, farasi, kitunda,
vyote kwangu, yeye hana kitu.
Hesabu haikukosea hata tarakimu moja.
Naipiga mpaka leo, inanitoka sawa.

Juzi bandarini gunia limepungua kilo mbili.
Kuli kanitazama, kalamu yangu iko juu.
Nikaliacha lipite.
Nilitaka kuona linakokwenda.