Kwa Mate Tu

Chupa ilikuwa nyuma ya makopo ya chai,
imefungwa kitambaa, kitambaa kikafungwa uzi,
na kwenye uzi kikaratasi:
Tateyama, mwaka wa kumi na tisa wa Showa.
Nilidhani ni ufuta.
Nilidhani ni ufuta uliochacha, nikauweka upande wa taka.

Bibi Kinue alisikia kioo kikigonga sakafu.
Ana miaka tisini na moja, macho yameingia ukungu,
mkono mwepesi kama ganda la kitunguu.
Siku ile mkono ulinikamata.

"Tulikuwa darasa la tano.
Mwalimu Hasebe alitugawia chupa na kamba za katani,
na vichwa vya samaki vya chambo.
Tulitoboa vifuniko, tukatumbukiza gatini usiku,
tukahesabu hadi mia tano meno yakigongana.
Tukivuta, kamba inatuchuruzikia buluu
hadi viwikoni."

Nawajua. Ni ukoo wa uduvi,
mdogo kuliko punje ya mtama, ndani ya magamba mawili.
Mchana wanalala mchangani,
usiku wanaamka kula mizoga:
bahari nayo ina wafagizi wake wa zamu.

Mimi nafundisha kemia, sikuweza kunyamaza.
Nilimwambia: mdomoni mwake mna tezi,
na humo vitu viwili vimewekwa mbalimbali
kama wachumba kabla ya ndoa.
Kimoja ni kuni ambazo hazijawahi kuona moto,
kingine ni mkono wa kuzisogeza,
na hewa iliyomo majini ndiyo mshenga.
Vikitemwa pamoja vinawaka,
bila moshi, bila majivu,
bila joto la kupashia hata chozi.

Alinisikiliza kwa adabu,
kama unavyomsikiliza mgeni
anayekuelekeza njia ya kwenda kwako.
"Na kwa nini wawake?"

Samaki humeza, nikasema.
Aliyemezwa humtemea mwanga kooni,
na samaki yule, ambaye riziki yake yote ni giza,
anajikuta amekuwa taa:
mashavu yanang'aa, matamvua yanavuja,
wakubwa zake wote wanamwona.
Humtapika upesi.
Mdogo hana meno, hana mbio.
Anajua tu kumpigia mwizi yowe la rangi.

"Haya," akasema. "Sisi hawakututapika.
Tuliwaanika juani juu ya mikeka, wakawa unga.
Tuliambiwa askari kule kusini, msituni,
watautemea mate kiganjani wasome ramani,
na adui ng'ambo ya mto hataona kitu.
Kaka yangu Tokuji alikuwa kusini.
Kila chupa niliyojaza nilimjazia yeye.
Sijui kama zilifika. Sijui ramani ilisema nini.
Hii sikuipeleka shuleni.
Niliiba, vijiko viwili vya mwanga wa serikali,
na tangu hapo nikaogopa kuangalia,
nisije nikakuta umekufa.
Sasa sioni tena. Basi siogopi.
Zima taa."

Nilitaka kumwambia kuhusu unyevu,
kuhusu kizibo kilichooza ukingoni,
kwamba miaka themanini
si muda wa kuahidi kitu.
Nilizima taa. Nikavuta pazia.

Alimimina kiasi cha chumvi ya yai moja.
Akatema, bila haya, kama mtoto wa gatini,
akasugua.

Mwanzo, giza na harufu ya dagaa wakavu.
Kisha chini ya kidole gumba
kitu kama mshipa kikasogea,
kikakaa, kikatambaa hadi kwenye kifundo,
buluu hafifu, ya kubahatisha,
na mikunjo ya kiganja ikatokea mmoja mmoja.

Hakuinamisha kichwa. Aligeuza uso kule kwenye mlango.
"Upo?" akauliza.

Sikujua anamuuliza nani.
"Upo, Bibi," nikajibu kwa niaba ya wote.

Asubuhi nilikuta unga mkavu kwenye swichi ya taa,
alama ya kidole kimoja.
Sijaifuta.