Ghorofa ya Saba, Upande Gani

Hoteli ya kwanza niliikataa kwa pazia zake,
nzito kama mablanketi ya jeshi. Nani analipia ziwa
kisha analifunika?
Ya pili, kule Kapri Pointi, balkoni ilitosha
kiti kimoja na nusu,
na jenereta chini yake likikohoa.
Hii ya tatu, sakafu inang'aa hadi mama
amevua kandambili mlangoni, kazishika mkononi.

"Upande wa ziwa," anasema Nkwabi wa mapokezi,
"laki tatu na ishirini. Upande wa mlima, laki mbili kamili."

Nacheka kidogo, kwa pua.
Sisi wa Bugarika, wa juu kabisa kwenye mawe,
ziwa tulilitazama bure.
Lilijaa dirishani, likajaa mlangoni,
likametameta hata chooni kusikokuwa na paa.
Maji ndiyo tuliyanunua.
Ndoo ya lita ishirini, njia ya mbuzi, jiwe kwa jiwe,
shingo ya mama ikizama mabegani
mwaka baada ya mwaka, kama msumari.

Leo asubuhi Bugando wamemfungua bandeji.
Miaka sita alikuwa anaishi ndani ya moshi,
akitujua kwa kikohozi na kwa viatu.
Ndiyo maana nimezihesabu pesa mara mbili,
ndiyo maana ziko juu ya kaunta.
"Ziwa," nasema. "Ghorofa ya saba."

Mama ananigusa kiwiko.
"Ziwa nalijua. Lisalimie.
Nipe huku, nione kama Holo ameanua nguo zangu,
na lile simtanki, kama kifuniko bado kipo."

Nkwabi anaikodolea kompyuta ili asicheke.
Namweleza mama kuhusu jua linavyozama,
nyuma ya visiwa, jekundu, watu wanatoka Ulaya kuliona.
"Litazama tu," anasema. "Halinihitaji."

Basi, laki mbili.

Usiku kiti chake kimegeukia mawe.
Taa za mlimani zimepandana
kama watoto wanaogombea kuingia kwenye picha.
Anazihesabu kwa kidole, miwani meusi mapajani:
pale kwa Mabula. Pale kwa muuza mkaa.
Hapo penye giza ni kwa marehemu Ng'washi.
Na ile ya buluu?
Ananiuliza mimi, niliyeondoka zamani.
"Ile ya buluu wamejenga lini?"
Sijui, mama.

Naingia bafuni, nafungua bomba.
Yanatoka. Ya moto. Yanaendelea kutoka.
Nimesimama tu, nguo mwilini, mkono chini yake,
nayaacha yatoke kupita inavyofaa,
hadi kioo kinaota ukungu na uso wangu unapotea.

"We!" sauti inatoka dirishani,
ileile ya kule juu, ya asubuhi za foleni.
"Funga hayo maji."

Nayafunga.