Mdhamini wa Mfenesi

Kule Magoroto, juu ya Muheza,
mfenesi wetu uligoma mwaka wa tisa.
Majani yanang'aa, kivuli cha kulaza mbuzi kumi,
shina tupu.

Baba mdogo Semhando akasema: mti hutishwa.
Akanoa shoka jiweni mpaka likacheka.
Mimi, wa miaka saba, nikapewa udhamini:
yeye ainue, mimi nizuie.

Alfajiri, umande ungali kwenye magimbi,
akauzunguka mara tatu, akaugonga kwa mpini.
"Wewe! Udongo wetu unaula, mvua yetu unainywa,
na huzai! Leo u kuni!"
Nikajibu nilivyofundishwa:
"Usiukate, baba mdogo. Mwakani utazaa. Naudhamini."
"Utazaa nini?"
"Mafenesi ya kushinda mtungi!"
Tukacheka. Shughuli huishia hapo.

Sikuwa nimemwona mkewe, Mashavu,
mlangoni mwa jiko, na ungo.
Mchele umetulia. Hapepeti.
Mti ule ulipandwa wiki aliyoletwa yeye,
kwa ngoma, kutoka Mkuzi.

Jioni shoka halikuonekana.
Tuliazima la kwa Kibanga, miaka na miaka,
na kila tulipolirudisha tulisimangwa.

Masika yaliyofuata mti ukafungua mkono.
Fenesi la kwanza lilitokea chini kabisa, shinani,
likapasua udongo kama kichwa cha kobe.
Semhando akatembea kijiji kizima akijisifu:
maneno makali ni mbolea.

Mama mdogo ndiye aliyepasua.
Kisu akakipaka mafuta ya nazi, kisha viganja,
kisha viganja vyangu, kidole kwa kidole.
"Paka kabla hujashika," alisema.
"Ulimbo ukikuwahi, hautoki kwa sabuni."
Akatugawia watoto wa watu, punje njano, tamu,
juisi mpaka viwikoni.
Kokwa akazichemsha kwa chumvi.
Sikumbuki kama yeye alikula.

Alipofariki tukahamisha kitanda chake.
Chini, ndani ya kanga ya harusi iliyochakaa,
lilikuwepo shoka.
Halina kutu hata chembe.
Lilinukia nazi.

Wanaume wakabishana nani alirithi.
Mimi nilitoka nje nikasimama mfenesini.
Maneno ya kuudhamini mti ninayo mpaka leo.
Yale mengine
hakuna aliyenifundisha,
nami, asubuhi ile, nilikuwa nacheka.