Daftari la Bajaji

Juzi walikuja mafundi na rangi ya samawati,
wakapaka ukuta wa mbele tu, unaotazama barabara.
Wa nyuma, ulioota ukungu, uliambiwa unyamaze.
Mizani ya watoto tuliazima Maweni,
pazia tukalitoa nyumbani kwa Bi Mwanakheri,
na mimi Kidawa, mhudumu, jina la mwisho kwenye orodha ya mishahara,
nikapewa sare yenye mikunjo ya dukani
na onyo: ukiulizwa, jibu kwa takwimu.

Ugeni unatoka Lesotho, nchi ya milima na mablanketi,
watu saba, waje Pongwe kujifunza mpango wetu wa bajaji.
Tuliambiwa saa mbili. Honi tuliisikia saa saba.
Kiongozi wao mama mrefu, miwani inaning'inia kifuani kwa uzi.
"Anaitwa Mamello," akasema mkalimani, "kwenu ni Subira,"
na kina mama, waliokaa tangu asubuhi na watoto mgongoni,
wakaangua kicheko hadi bwana wa wilaya akakunja uso.
Mgeni alipotafsiriwa, naye alicheka,
peke yake, wenzake wakiwa wameshanyamaza.

Bwana Semkiwa akasimama na fimbo ya kuonyeshea:
asilimia hii mwaka juzi, asilimia ile mwaka jana,
mstari mwekundu unashuka, wa kijani unapanda,
au kinyume chake; jua lilikuwa limeipiga karatasi.
Kalamu saba zikatembea pamoja kama siafu.

Hakusema kwamba bajaji ni ya Mbaruku,
kwamba kila Ijumaa tunatia mia tano kwenye kopo la maziwa,
kwamba mvua ikinyesha njia ya mkonge huwa uji
na wanaume wanne hutoka usiku na kamba kuivuta,
mmoja wao Mhina, asiye na mke wala mtoto.
Takwimu haina mahali pa kumweka Mhina.

Chakula kilipoandaliwa, wali wa nazi na machungwa ya Muheza,
yule mama aliomba choo.
Njia ya choo ni kwa nyuma.
Akaupapasa ukuta wenye ukungu, akatazama kiganja, hakusema kitu.
Kisha akaliona daftari, limetundikwa msumarini kwa katani:
jina, saa ya kutoka, saa ya kufika Bombo, alama ya vema.
Kidole chake kilishuka, kilishuka, kikasimama.
Mwantumu. Kutoka, saa nane usiku. Kufika, pengo.

Mkalimani alikuwa anakula.
Nikamwambia kwa Kiswahili changu: mafuta yaliisha Kange.
Kange hakuijua. Nikamvuta hadi stoo,
nikainua gunia, nikamwonyesha madumu ya petroli,
yale yaliyokuja baada ya Mwantumu.
Akafungua daftari lake, ukurasa wa mwisho kabisa,
akanisomea majina, polepole, kama mtu anayehesabu chenji.
La tatu lilikuwa na mlio ambao mdomo wangu hauna,
kama kizibo kikitoka chupani.
Halafu akayatazama tena madumu, akaandika: 2.

Kesho yake mizani ilirudi Maweni kwa bajaji ileile,
pazia likarudi kwa Bi Mwanakheri. Rangi imebaki.
Nasikia ripoti yao ina kurasa arobaini.
Sijui kama ile mbili imo.