Siku ya Tatu

Tulipandia Trieste, watu kumi na mmoja, vizazi vinne,
kadi zikining'inia shingoni kama mbuzi wa mnada.
Mimi ndiye niliyelipa amana. Mimi ndiye niliyegawa vyumba:
vyenye dirisha kwa wazee, visivyo na dirisha kwa tuliokopa,
na mtoto wa Ilario, miezi mitano,
kwenye kitanda cha kukunja kilicholia kuliko yeye.

Siku ya kwanza tulikula.
Siku ya pili tulikula tena: kamba, jibini,
keki yenye umbo la meli, ndani ya meli.
Mama mkwe wangu Bruna alitia mikate sita mkobani.
"Huwezi kujua," alisema. Aliyezaliwa vitani
hasikii neno "bure" bila kugeuka nyuma.
Nives, miaka kumi na sita, haongei ila na simu,
na simu haikuwa na mtandao, basi hakuongea.

Baba alikaa sitaha ya kumi na mbili,
mikono juu ya magoti, kama anayesubiri daktari.
Bahari hakuitazama. Alitazama reli,
pale nguzo inapokutana na sakafu.
"Huyu," alisema, "alikuwa na haraka."

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Hakuna aliyempa. Akaenda kujitafutia.

Tulimkosa saa ya picha. Sote tumevaa mashati meupe,
mpiga picha anahesabu, anakuta pengo. Mapengo mawili:
Tullio naye hayupo.
Nikashuka. Lifti, ngazi, kasino
yenye mlio wa sarafu zisizokuwepo,
duka la saa, harufu ya klorini, ngazi tena,
mpaka sitaha ya nne, korido ndefu kama adhabu ya shule,
zulia lenye samaki, samaki wote wakielekea mbele
ili mlevi ajue ipi tezi, ipi omo.
Na baba amepiga magoti hapo,
mjukuu kando yake, sikio ukutani.
Aliyekwenda tezi na omo amerejea ngamani.

"Hapa," alisema. Akagonga. Plastiki ikajibu kiplastiki.
Akasogea kiganja kimoja. Akagonga.
Chuma.

Miaka ishirini na miwili iliyopita, karakana ya Monfalcone, Januari,
ule upepo wetu uitwao bora, usio na ubora wowote,
ukipenya mbavu za meli isiyo na ngozi,
alilala chali hapa, palipo leo na trei ya chai ya mtu,
akachomelea mshono wa mita tatu,
kisha akaandika juu yake kwa chaki:
LIVIO NAMDAI BIA MBILI.
Wakaja wenye mbao, wakaufunika.
Livio alikufa hajalipa. Mapafu.
Wengi walikwenda kwa mapafu;
jina la vumbi lile halitajwi mezani kwetu,
na baba, akikohoa, huenda kukoholea bafuni.

Mhudumu akaja na mataulo. Beji yake: Rommel, Iloilo.
Aliuliza kama tumepotea.
Baba hajui Kiingereza. Alionyesha ukuta,
akaonyesha kifua chake, akachora mshono hewani,
akafanya cheche kwa vidole.
Rommel akaweka mataulo chini.
Kaka yake, alisema, yuko Ulsan, kazi hiyohiyo.
Naye akagonga. Tullio akagonga. Nikagonga na mimi,
nikiwa na shati jeupe na hereni za mama.

Mlango ukafunguka, Mjerumani mwenye joho la kuogea
akatoa kichwa, akauliza ni nani.
"Mafundi," Tullio akajibu.

Picha tunayo. Watu wanane,
Bruna anatafuna kitu, Nives amefumba macho.
Usiku ule baba aliagiza bia mbili,
akaziandikisha kwenye chumba changu,
akanywa zote.